Mteja wa Chumba cha Nyuma

Jumla ilikataa. Fundi alikuwa akirekebisha programu ya duka la mtandaoni la dada yake, ili ihesabu usajili wa wateja kwa hali zao: unaoendelea, uliositishwa, uliofutwa. Kila akijumlisha, mtu mmoja anazidi.

"Kaka, mimi nauza sabuni, siuzi mafumbo," dada akalalamika kwenye simu.

"Basi njoo uandike mwenyewe!" Akakata.

Macho yalimwasha kama yametiwa pilipili. Halafu akamkumbuka huyo aliyezidi. Ili kuijaribu programu, alikuwa amenakili usajili wa mama yao, anayeletewa sabuni ya waridi kila mwezi humo humo nyumbani, chumba cha nyuma. Jina akaweka Mtu Tu. Mafundi wote hufanya hivyo: hubuni mteja asiyekuwepo, kazi ikiisha humfuta. Yeye hakumfuta. Na nyumba tupu haikosi mpangaji. Jina tupu nalo vivyo hivyo.

Akamfuta. Ukurasa ulipofunguka tena, Mtu Tu alikuwa anaendelea.

Alasiri nyumba ikaanza kunuka waridi lililooza. Mama akatoka chumbani akiburuta kandambili zake, uso umemshuka.

"Mwanangu, umemlaza nani kitandani kwangu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Yupo. Ana mwili wa baridi. Ananiuliza habari zenu, wewe na dada yako. Mlipenda nini, mlikuwa mkilia vipi. Nami namjibu tu, usingizi umenielemea." Akarudi kulala.

Fundi akampigia shangazi yake, mtu wa kutibu wenye majini. Shangazi alifika na beseni lake la dawa, akanusa, akakaa kizingitini.

"Umemwita, ukampa na anwani," akanong'ona. "Kwanza mtenge na mama yako. Mlete mama yako hapa, nimshike mkono. Ndipo ufute."

"Shangazi, nimechoka mimi! Jambo la kubofya mara moja tulizungushe la nini?"

"Haraka yako hiyo, baba, itakutoa roho."

Tayari alishafungua kompyuta, na Mtu Tu hakuwepo tena, walikuwepo mama wawili, jina lile lile, chumba kile kile, sabuni ile ile, wote wanaendelea, na huko nyuma kandambili zikaanza kuburutwa, jozi moja, kisha jozi nyingine juu ya ile ya kwanza, harufu ikizidi kukaba koo, na sauti ya mama ikamwita kwa jina lake la utotoni, na sauti nyingine, nayo ya mama, ikamwita vilevile, hadi akashindwa kuvumilia, akamfuta wa chini, maana wapya hukaa chini.

Kimya. Harufu ikakatika. Jumla ikakubali.

Akashusha pumzi. Ndipo akakumbuka kwamba asubuhi, katika kurekebisha kwake, alikuwa amegeuza mpangilio wa orodha. Wapya sasa walikuwa wanakaa juu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akaja kwa hatua nyepesi, haburuti kitu.

"Mwanangu, umechoka," akasema kwa upole, akimpapasa kichwa kwa mkono wa baridi. "Njoo ulale."

"Wifi?" Shangazi aliita kutoka kizingitini. "Wifi yangu, u mzima?"

Mama akamtazama, kisha akamgeukia Fundi.

"Huyu ni nani?"