Fremu Aliyoipima kwa Mikono

"Sifiki, Callum."

"Unafika. Inama kidogo."

Imogen aliinama mpaka mgongo ukamuuma. Alikuwa ameipandisha siti ya baiskeli karibu mwisho, lakini magoti bado yalikunjika mno na usukani ulikuwa mbali. Yeye ni miguu tu, kiwiliwili kifupi, na mji mzima wa Launceston unamtania kwa hilo.

Baiskeli hii ilikuwa zawadi ya harusi, na harusi ni Jumamosi. Callum, bwana harusi wake na fundi wa fremu za baiskeli, alikataa futi kamba tangu mwanzo. "Nikupime wa nini? Mikono yangu inakujua," alimwambia, na Imogen akayeyuka kwa raha.

"Wateja wote unawasimamisha ukutani, kitabu katikati ya mapaja, uwapime miguu," alisema sasa. "Mimi ukanikadiria?"

"Nimekosea sentimita chache, mpenzi."

"Saba."

Tegan, rafiki yake wa utotoni na mpambe wake, alikuwa kando ya hita na kikombe chake cha chai. Imogen alimtazama: miguu mifupi, mgongo mrefu. Akaishusha siti pale ilipokuwa Callum alipoileta.

"Shoga, hebu panda wewe."

"Mimi? Niache bwana, nimevaa sketi."

"Panda."

"Haina haja," Callum alidakia, haraka mno.

Tegan akapanda. Mguu ukashuka na pedali, goti likabaki na mkunjo mdogo tu. Viwiko vikalegea. Mikono ikatua kwenye usukani bila kuutafuta.

Mvua ilipiga bati. Imogen alimgeukia Tegan.

"Tangu lini?"

"Imo, hii ni fremu tu," Callum alisema.

"Sijakuuliza wewe."

Tegan akashuka, machozi yakimlengalenga. "Tangu Pasaka. Nisamehe, shoga."

"Naapa nilikuwa nakuchorea wewe," Callum alisema, akiitazama mikono yake.

Imogen alimwamini, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Alivaa koti, akatoka.

Kesho yake uliingia ujumbe wa Callum simuni: "Rudi nikupime vizuri. Naanza nyingine leo."

Akajibu: "Mpe Tegan. Imemkaa."

Jumamosi, saa ile ambayo angekuwa kanisani, alisimama ukutani kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa mji wa Hobart, kitabu katikati ya mapaja.

"Sentimita themanini na sita," mzee alisoma futi kamba. "Una miguu mirefu, binti. Hujawahi kupimwa?"

"Bado," Imogen alisema, na hapo ndipo alipolia.