Injini Haijaguswa

Kila asubuhi kinyozi alifungua dirisha la chumba cha mbele. Chumba hicho ndicho kilikuwa duka lake. Kulikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye kona, na shuka jeupe la kufunika wateja. Shuka lilifuliwa hadi likawa jepesi kama karatasi. Wateja walikuwa wachache. Ng'ambo ya barabara kulifunguliwa duka la viti vitatu, na tangu hapo kinyozi alibaki na jirani mmoja, na shemeji yake ambaye hunyolewa bure.

Mshahara uliolisha nyumba ulikuwa wa mkewe. Yeye alikuwa mchanjaji wa zahanati. Alibeba kisanduku cha baridi chenye dawa za chanjo, akapanda nacho mlimani kuchanja watoto. Akipata lifti, vizuri. Akikosa, basi ni miguu yake.

Siku moja alirudi nyumbani. Akakaa bila kuvua viatu.

"Kuna nini, mama watoto?" kinyozi akauliza.

"Msimamizi anasema dawa zinakaa sana njiani, zinapata joto. Kuanzia mwezi ujao, anayepanda mlimani awe na pikipiki yake. Mafuta watatoa wao. Asiye nayo, kazi apewe mwingine."

"Si una leseni?"

"Leseni haipandi mlima, baba watoto."

Leseni aliipata kweli. Alijifunza wiki tatu kwa pikipiki ndogo ya kuazima. Lakini njia ya mlimani ni kali, ina mawe yanayoteleza. Pikipiki ndogo ikibebeshwa mzigo huko inakohoa na kusimama. Ilitakiwa ya ukubwa wa kati, yenye nguvu kidogo. Mpya hawakuiweza. Wakauza friji na cherehani ili wanunue iliyotumika.

"Mambo ya injini niachie mimi," kinyozi alisema. Injini pekee aliyowahi kufungua ni ya mashine ya kunyolea.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi fundi wa pikipiki, mjane waliyemwita Mama Plagi. Mchanjaji akasema, "Tumuombe Mama Plagi atusindikize."

"Nimuulize mwanamke habari za pikipiki? Watu wataniambia nini?"

Wakaenda wawili tu. Muuzaji alikuwa ameiweka pikipiki chini ya bati. Nyekundu, ndefu, inang'aa. Kinyozi akaipapasa tangi kwa kiganja, kama anavyopapasa kichwa alichomaliza kunyoa.

"Hii ndiyo yenyewe," muuzaji akasema. "Injini haijaguswa, kaka."

"Umesikia, mama watoto? Haijaguswa!"

Mchanjaji akainama. "Mbona ina joto?"

"Ni jua tu, dada."

"Lakini iko kivulini."

Muuzaji akacheka, akabonyeza swichi. Ikawaka mara moja. Mchanjaji akapanda. Vidole vya miguu viligusa ardhi, visigino havikufika.

"Utazoea," muuzaji akasema.

"Na kadi yake ya usajili?"

"Kadi iko kwa mwenyewe wa zamani. Inakuja."

Kinyozi alikuwa ameshatoa pesa mfukoni. Njiani kurudi aliimba, "Haijaguswa, haijaguswa," na mkewe, ingawa moyo ulikuwa mzito, alicheka kidogo.

Siku ya tatu mchanjaji alipanda nayo mlima. Kwenye kona kali lori la mchanga lilikuwa linashuka. Akafunga breki, akasimama, akashusha mguu wa kushoto. Ulikanyaga hewa. Pikipiki ikamlalia. Kisanduku kikabingirika, kifuniko kikafunguka, vichupa vikapasuka kwenye mawe.

Dereva wa lori na mwenzake waliinua pikipiki kwa shida. Wakajaribu kuiwasha. Ikatoa moshi, ikagonga ndani kama nyundo, ikazima kabisa. Mchanjaji alikuwa anatambaa, anaokota vichupa vizima. Alipata viwili.

Mguu ulikuwa umevunjika. Akafungwa plasta. Msimamizi alikuja kumwona, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Pole sana, dada. Lakini watoto hawawezi kungoja mguu. Nimempa mwenzako kazi ya mlimani."

Mchanjaji akageukia ukuta. Siku nyingi alikaa hivyo. Chakula alichopelekewa kilirudi kimeganda utando juu. Kinyozi alifagia duka asubuhi na jioni, wala hapakuwa na nywele sakafuni. Mara nyingine alisimama mlangoni mwa chumba, anataka kusema neno. 

"Niseme nini, mama watoto?" alisema mwishowe.

"Usiseme. Kamwite Mama Plagi."

Akaenda, macho chini. Mama Plagi akaja na spana zake zimefungwa kwenye kitambaa. Hakumcheka. Akafungua nati ya chini ya injini ya pikipiki iliyolazwa uani, wakangoja oili itoke. Ilitoka polepole, nyeusi, nzito kama lami, na chembe za chuma ndani yake.

"Walikuambia nini kuhusu injini?"

"Kwamba haijaguswa."

"Hawakudanganya. Hata oili haijaguswa. Imekufa, baba. Pole."

Kinyozi akakaa chini palepale uani, akalia mbele ya watu. Mama Plagi akamwacha alie. Kisha akaketi karibu na dirisha, ili mgonjwa naye asikie.

"Pikipiki iliyotumika inatazamwa ikiwa imepoa," alisema. "Nenda asubuhi bila kumwambia muuzaji saa. Weka mkono karibu na injini. Ukikuta joto, wameiwasha kabla yako ili ugonjwa usionekane. Rudi siku nyingine. Chomoa kijiti cha oili, itazame rangi. Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu maana yake inaunguza oili."

"Na urefu?" sauti ikatoka ndani.

"Ee, binti yangu! Anayeanza lazima akanyage kwa miguu yote miwili, visigino chini. Isukume kwa mikono, izungushe. Ikikushinda imezimwa, itakushinda imewashwa. Na nguvu iwe ya upole, si lile dude la mashindano. Tikisa usukani, shika breki, tazama cheni na tairi. Halafu kadi. Namba ya kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Hakuna kadi, hakuna biashara."

"Ningekuita mapema," kinyozi akasema.

"Ungeniita. Nyumba ya tatu tu, wala huvuki barabara."

Kinyozi alimrudia muuzaji. Muuzaji akamwambia, "Macho yalikuwa yako, kaka." Wakaiuza pikipiki vipandevipande: tairi huku, taa kule. Kinyozi akauza na kiti cha kuzunguka. Wateja wake sasa walikaa kwenye stuli.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba na unauma kwenye baridi. Walikwenda watatu safari hii. Pikipiki nne walizikataa. Moja ilikuwa na joto, moja haikuwa na kadi, moja ilivuja oili mbele, na ya nne ilikuwa ndefu mno. Ya tano ilikuwa ya kijivu, fupi, rangi imebabuka, sura mbaya kweli. Mama Plagi akaizunguka mara mbili.

"Ni mbaya kama mimi," akasema. "Lakini nzima."

Mchanjaji akaipeleka zahanati. Msimamizi akaitazama, akatikisa kichwa.

"Mlimani pana mtu, dada. Iliyobaki ni makazi ya nyuma ya machimbo. Ni mbali, hakuna anayepataka. Siku mbili kwa wiki, nusu mshahara."

Nusu mshahara hautoshi nyumba ile. Alijua. Akakubali.

Nyuma ya machimbo alikuta akina mama saba kwenye vumbi jeupe. Wengine walikuwa na watoto wanaotembea tayari, ambao hawajachanjwa hata mara moja. Dawa zilikuwa baridi. Akachanja wote. Alipokuwa anafunga kisanduku, mama mmoja akamshika mkono.

"Zamani walishakuja wengine kama wewe. Wanasema watarudi, hawarudi. Wewe je?"

"Alhamisi," mchanjaji akasema.

Yule mama alimtazama kama mtu aliyezoea kudanganywa.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mchanjaji alifika.