Mzee Taratibu na Ndege Walioganda

Koku ana miaka sita. Anaishi Bukoba, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, pamoja na Mama na Baba.

Na Mzee Taratibu!

Mzee Taratibu si babu yake. Ni kompyuta. Ni ya zamani, ni nzito, na ukiiwasha inakohoa.

"Shikamoo, Mzee!" husema Koku kila anapoiwasha.

Vuuu… vuuu… tik! huitikia Mzee Taratibu.

Mama ni fundi cherehani. Akimaliza kushona nguo za watu, hufuma vitambaa. Kochi lina kitambaa. Redio ina kitambaa. Friji ina kitambaa. Mzee Taratibu ana kitambaa kikubwa cha maua, kinamfunika mpaka mabegani.

Ng'ambo ya ua anaishi Byera, rafiki mkubwa wa Koku. Byera ndiye aliyegundua kiota kwenye mpera. Kilikuwa kiota cha minana, wale ndege wadogo wa manjano wanaopiga kelele alfajiri mpaka unaamka bila kupenda.

Ndani ya kiota mlikuwa na makinda watatu. Wawili walikuwa wanene. Wa tatu alikuwa mdogo, na kwenye bawa lake la kushoto alikuwa na unyoya mmoja mweupe. Byera akampa jina. Akamwita Kadogo.

Kila asubuhi Byera alikuja kumsalimia Kadogo. Kila asubuhi!

Halafu siku moja Byera akateleza kwenye matope. Pu! Akavunjika mguu. Mguu ukafungwa plasta ngumu, na Byera akaambiwa atulie kitandani.

Na Alhamisi, makinda wakaruka! Byera hakuwaona.

"Wote wameruka," Koku alimwambia kupitia dirishani.

"Hata Kadogo?"

"Nadhani," alisema Koku.

"Nadhani siyo ndiyo," alisema Byera. Akageukia ukutani. Hakutaka kucheza. Hakutaka hata kuongea.

Koku alihuzunika sana. Lakini akakumbuka kitu. Alhamisi ile Baba alikuwa amepanda ngazi na kamera yake, akawarekodi! Kamera ya Baba inaona kila unyoya. Inaona hata sisimizi anayepita kwenye tawi.

"Byera! Jumamosi jioni utamwona Kadogo kwa macho yako," alisema Koku. "Naahidi!"

Jumamosi asubuhi, Koku na Baba wakakaa mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, Mzee!"

Vuuu… vuuu… tik!

Video zilikuwa nyingi, na ndefu. Kulikuwa na majani, majani, majani. Kulikuwa na kidole gumba cha Baba. Kisha majani tena.

"Lazima tukate," alisema Baba. "Byera hawezi kutazama kidole changu saa nzima."

Wakafungua video ya kwanza. Mnana akainua mguu aruke, na…

Akaganda!

Mguu mmoja juu. Mkia juu. Mdomo wazi. Kiduara kikaanza kuzunguka. Zungu, zungu, zunguka.

Koku naye akaganda. Mguu mmoja juu! Mdomo wazi!

"Ndege kaganda, Koku kaganda! Mzee Taratibu, twende basi!"

Baba akaganda, mkono kichwani. Mama akaingia na chai, akawaona, naye akaganda na sinia lake.

"Ndege kaganda, Mama kaganda! Mzee Taratibu, twende basi!"

Tap! Mnana akaruka kidogo tu. Akaganda tena. Zungu, zungu, zunguka. Wote wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mara, puuu! Mzee Taratibu akazimika.

Koku akamgusa. "Mama weee! Mzee ana homa!"

Baba akainua kile kitambaa cha maua. Chini yake kulikuwa na vitundu vidogo vidogo, vyote vimezibwa.

"Mama Koku," alisema Baba, "Mzee alikuwa hapumui."

Mama akashika kiuno. "Jamani! Na mimi nilimvalisha apendeze."

"Amependeza, Mama," alisema Koku. "Ila amebanwa pumzi."

Wakamvua kitambaa. Wakampepea. Wakamwasha. Vuuuuuu! Mzee Taratibu akavuta pumzi ndefu, na homa ikashuka.

Lakini mnana? Mguu mmoja juu. Mkia juu. Ameganda vilevile.

"Picha za kamera hii ni nzito," alisema Baba. "Mzee anajitahidi, lakini hana nguvu. Wiki ijayo nitaazima kompyuta kubwa."

"Wiki ijayo!" Koku hakucheka tena. "Baba, nimeahidi leo."

Akaenda kukaa chini ya meza ya Mama. Machozi yakamtoka. Wewe unayesikiliza, ungefanya nini?

Juu ya meza, mkasi wa Mama ulikuwa kazini. Kwacha, kwacha, kwacha.

"Mama," aliuliza Koku akipangusa pua, "kwa nini unakata gazeti? Si unashona gauni?"

"Nashona gauni, ndiyo. Lakini kitenge ni cha mtu, mwanangu. Nakata gazeti kwanza. Gazeti ni jepesi, hata nikikosea si neno. Likikaa sawa, ndipo nakata kitenge."

Koku akautazama mkasi. Akafikiri. Kisha akaruka juu, na kichwa kikagonga meza. Ngo!

"Baba! Baba! Mpe Mzee gazeti!"

"Gazeti?" Baba akashangaa. "Asome habari?"

"Hapana! Picha za gazeti! Yaani ndogo, nyepesi! Tukate hizo kwanza!"

Baba akamtazama Koku. Akatazama mkasi wa Mama. Akapiga kofi moja kubwa la furaha.

"Mtoto huyu! Inawezekana kabisa! Tutatengeneza nakala ndogo za video zote. Tutakata hizo. Halafu Mzee atafuata palepale tulipokata, ashone zile kubwa polepole."

Nakala ndogo zikatengenezwa. Loo, hazikupendeza! Minana walionekana kama ndizi zilizopondwa. Lakini waliruka! Tap, tap, tap! Hakuna aliyeganda.

"Kata hapo!" alisema Koku.

Kwacha! Majani yakaondoka.

"Na hapo!"

Kwacha! Kidole gumba kikaondoka.

"Maskini kidole changu," alisema Baba.

Kwacha, kwacha, kwacha! Zikabaki zile sehemu tamu tu. Ndizi ya kwanza ikaruka kutoka kiotani. Ndizi ya pili ikaruka. Ndizi ya tatu ikaruka.

Koku akasogeza pua mpaka kwenye kioo. "Baba, huyu ni Kadogo? Unyoya uko wapi?"

"Picha ni ndogo, hauonekani. Tungoje ile kubwa."

Koku akawaza. Je, kama si Kadogo? Je, kama ni ndege mwingine kabisa?

Baba akabonyeza kitufe. Vuuu… vuuu… Mzee Taratibu akaanza kushona.

Asilimia moja.

Wakala chakula cha mchana. Asilimia kumi na mbili.

Mama akatembea kwa ncha za vidole. Baba akafunga mlango taratibu. Koku akaenda uani kumwambia kuku, "Shhh! Mzee anafanya kazi."

Asilimia hamsini. Asilimia hamsini. Asilimia hamsini…

"Namba imeganda, Koku kaganda! Mzee Taratibu, twende basi!"

Hamsini na moja! Koku akacheza ngoma peke yake sebuleni, bila kutoa sauti, na ni kazi ngumu kweli.

Jua lilipokuwa linazama, ting! Asilimia mia moja!

"Ahsante, Mzee! Umefanya kazi!" Koku akambusu Mzee Taratibu kwenye kioo. Baba akaweka video kwenye flashi, na wote wakakimbia kwa kina Byera. Mama alikimbia na utepe wake wa kupimia nguo bado shingoni.

Byera alikuwa amekaa kwenye kochi, mguu juu ya mto. Mama yake akachomeka flashi kwenye runinga.

Lo! Kila unyoya ulionekana! Sisimizi naye alionekana, anapita na haraka zake.

Kinda la kwanza likaruka. Purrr!

Kinda la pili likaruka. Purrr!

Kinda la tatu likachungulia. Likarudi ndani. Likachungulia. Likarudi ndani.

"Ruka!" alisema Byera kwa sauti ndogo.

"Ruka!" alisema Koku.

"Ruka! Ruka! Ruka!" wakapiga kelele wote, na mama wawili ndio waliozidi.

Kinda likasimama mlangoni mwa kiota. Likakunjua bawa la kushoto. Na pale, katikati ya manyoya ya manjano, palikuwa na unyoya mmoja mweupe.

"KADOGO!" Byera akapiga ukelele. "Ni yeye! Ni Kadogo!"

Kadogo akajirusha. Akaanguka chini, chini, chini… Byera akafumba jicho moja. Kisha purrr! Kadogo akapiga mabawa, akapanda juu ya mpera, akaenda zake.

Byera akacheka mpaka kochi likatikisika. "Tena!" akasema. Wakatazama tena. "Tena!" Wakatazama mara tano.

Mara ya tano ilipokwisha, Byera akamgeukia rafiki yake.

"Koku. Kadogo alianguka kwanza."

"Ndiyo. Halafu akaruka."

Byera akautazama mguu wake wenye plasta. Akatabasamu.

"Na mimi nimeshaanguka," akasema. "Bado kuruka tu."

Koku akamkumbatia kwa nguvu, ila kwa uangalifu, asiuguse mguu. Usiku huo Byera alilala amegeukia dirishani, sio ukutani. Koku naye alilala fofofo.