Ukanda wa Ngozi Kwenye Usukani

Kila alfajiri Nkwabi aliitoa baiskeli ya baba yake, akayabonyeza matairi, kisha akaanza safari ya kwenda shule ya Kahama. Matairi yale yalikuwa yamebandikwa viraka mpaka viraka vikashinda mpira wenyewe. Siku nyingine Nkwabi aliipanda baiskeli nusu ya njia, na nusu iliyobaki baiskeli ikampanda yeye begani.

"Matairi haya yakifa, shule basi," baba yake alikwishamwambia. "Utarudi kuchunga ng'ombe. Kwa miguu hutaweza kwenda na kurudi kila siku."

Ndiyo maana mwaka 1936, shule ilipotangaza mashindano ya baiskeli na zawadi ya matairi mawili mapya, Nkwabi hakuwaza jambo jingine. Hayakuwa mashindano ya mbio. Mwendeshaji alitakiwa apite juu ya miamba, avuke mchanga wa mto uliokauka, kisha aruke gogo, bila mguu kugusa chini. Kila ukigusa ni kosa, na mwenye makosa machache ndiye mshindi.

Alijiandaa pamoja na Maganga, rafiki yake tangu walipokuwa wakichunga ndama. Walishusha kiti ili Nkwabi asimame vizuri juu ya pedali. Walipunguza upepo ili matairi yashike mawe, wakakaza mnyororo. Spana ilikuwa mkononi mwa Maganga siku zote.

"Na huu ukanda?" Maganga aliuliza siku moja. Kwenye shingo ya usukani kilichungulia kipande cha ngozi ya ng'ombe, chenye manyoya mekundu na baka jeupe.

"Huo usiuguse! Bila huo sipiti kwenye mawe. Na usimwambie mtu."

Nkwabi aliona haya kueleza zaidi. Usukani ule ulitoka kwenye baiskeli nyingine, nao ulikuwa mwembamba kuliko tundu lake, hivyo baba yake aliuzungushia ngozi ili ukaze. Lakini Maganga alikuwa amezoea kuwaona wacheza ngoma wa Kisukuma wakishindana, kila upande umejifunga dawa zake za ushindi. Akaamini na huo ukanda ni dawa.

Siku ya mashindano, Mwalimu Masele aliwaita waendeshaji wapange zamu. Nkwabi akamwachia Maganga baiskeli na spana.

"Nishikie, ndugu yangu."

Aliporudi alipanda akaanza. Kwenye mwamba wa kwanza akauegemea usukani, nao ukazunguka mikononi mwake. Alianguka kifudifudi, goti likachubuka, na watu wakacheka.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Bashiri, mtoto wa mwenye duka, na baiskeli yake mpya inayong'aa. Alimaliza kwa makosa mawili. Alipopita karibu, Nkwabi aliona kitu kimefungwa kwenye usukani wake: manyoya mekundu, baka jeupe.

Maumivu ya goti aliyasahau palepale. Angeibiwa na mtu baki, angepiga kelele za mwizi. Lakini aliyemwibia ni Maganga, waliyekula naye sahani moja. Akamwendea bila kelele.

"Nilikuachia wewe," alisema. "Wewe, Maganga!"

Maganga alitazama vidole vya miguu yake. "Nilimwambia Bashiri habari za dawa yako. Akasema nikimletea, ataniachia baiskeli yake mpaka jioni."

"Dawa gani? Hiyo inashika usukani! Ningevunjika shingo!"

Bashiri alishtuka, akaufungua ukanda mbele ya Mwalimu Masele aliyekuwa amesogea kusikiliza. "Wallahi sikujua, Mwalimu. Nilidhani ni dawa tu."

"Na kama ingekuwa dawa," Mwalimu Masele aliuliza, "ingekuwa halali kumwibia?"

Bashiri akamkabidhi Nkwabi ukanda. Mwalimu akaamuru Nkwabi aurudishe kwenye usukani na kuanza upya.

Ili kukaza usukani, lazima mtu mwingine ashike gurudumu. Maganga akanyoosha mikono upesi. Nkwabi aliitazama mikono ile, akageuza uso.

"Mwalimu," alisema, "tafadhali nishikie wewe."

Safari hii usukani ulitulia. Miamba aliipita, kwenye mchanga mguu ukagusa mara moja, gogo akaliruka. Matairi yakawa yake, na shule pia.

Maganga alimfuata akilia. "Nisamehe, Nkwabi."

"Nimekusamehe."

"Basi nikubebee tairi moja."

"Hapana. Nitayabeba mwenyewe." Akayavaa yote mawili begani, akaondoka na baiskeli yake.

Maganga alibaki amesimama. Mwalimu Masele akamwekea mkono begani.

"Amekusamehe, shukuru. Lakini msamaha mtu hupewa, uaminifu hujengwa. Ule ukanda tumeurudisha kwa spana, na kazi ikaisha. Wewe kurudi mahali pako kutachukua muda. Kesho uje mapema, na keshokutwa pia, hata kama hatakuachia baiskeli. Siku atakayokuambia tena 'nishikie', ujue umepata zawadi kubwa kuliko matairi."