Pampu Iliyovuma Bila Ufunguo

Ufunguo ulikuwa umetundikwa msumarini jikoni, na gari limeegeshwa uani bila mtu ndani, lakini relei ilibofya. Ta. Mke wa Bisibisi aliisikia akiwa anasugua sufuria, akamwita mumewe.

"Gari lako linabofya huko."

"Gari halibofyi lenyewe, mke wangu."

"Haya, basi nimebofya mimi."

Bisibisi alikuwa fundi wa magari, na jina hilo alilipata kwa sababu bisibisi haikumtoka mfukoni hata akienda msibani. Mwanaume akishaitwa fundi, masikio yanaziba. Hamsikii tena mtu asiye na grisi kwenye kucha. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la mwalimu mstaafu aliyelileta likivutwa kwa kamba. Aliweka ufunguo juu ya boneti, akasema, "Nimekupa, chukua. Ila pale palipozibwa, paache." Kisha akaondoka mbiombio kama mtu anayeikimbia mvua, na jua linawaka.

Palipozibwa ni tundu la relei, kile kidude cheusi mfano wa kiberiti kinachopitisha umeme kwenda kwenye pampu ya mafuta. Relei haikuwapo. Tundu lilijazwa nta na kushindiliwa pamba. Bisibisi akacheka mpaka akakohoa. "Watu wanatibu gari kama jino bovu!" Akaichokoa nta yote, akachomeka relei mpya.

Tangu hapo gari likawa na tabia. Leo linawaka, kesho halitaki. Likipanda kilima, linazima katikati. Akabadilisha fyuzi, wapi. Akachukua relei ya honi, maana inafanana na ile ya pampu, akabadilishanisha. Pampu ikakaa kimya, na honi ikaanza kulia yenyewe, chinichini, kama mtu anayelilia ndani ya blanketi. Ndani ya gari kukawa na harufu, wala si ya petroli. Ya nywele mbichi zilizofungiwa kabatini.

"Mrudishie mwenyewe," mama mkwe wake akamwambia. "Mtu mzima anakupa gari bure halafu anakimbia, na wewe unashukuru!"

"Mama, ni waya tu huo."

"Ndiyo. Na mimi ni mwali."

Pampu ya gari lile ilikaa ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma. Ikiwa nzima, ukizungusha ufunguo nusu inavuma kidogo, inajaza mafuta kwenye bomba, relei inabofya, inanyamaza, inasubiri mtu awashe. Kuisikiliza kunataka watu wawili: mmoja kwenye ufunguo, mwingine sikio juu ya tangi. Mkewe alikataa katakata. Na mama mkwe, Bisibisi hakuthubutu hata kumwomba. Basi mchana ule, akina mama wakiwa jikoni, akang'oa kiti cha nyuma na kumwita binti yake, Kadogo, aliyeng'oka meno ya mbele majuzi tu.

"Lala hapo, mwanangu, utege sikio. Ikivuma niambie."

Akazungusha ufunguo.

"Inavuma, baba."

"Safi. Na sasa?"

"Imenyamaza. Inasubiri."

Bisibisi akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Akaenda mbele, akang'oa relei, akaishika kiganjani.

"Inavuma tena, baba."

"Acha utani wewe."

"Inavuma. Inasema nisogee."

Akaufungua waya wa betri, akautupa pembeni, na bado mvumo ule ulikuwa unakuja, sasa anausikia mwenyewe, unapanda kupitia bodi la gari na kumwingia kwenye magoti, na harufu ya nywele mbichi ikazidi mpaka macho yakamtoka machozi, na alipokimbilia nyuma alimkuta mtoto amebandika sikio kwenye chuma, macho kodo, midomo inacheza bila sauti kama anayeitikia maneno, na alipomvuta hakutoka, akawa mzito kuliko injini, hadi mama yake na bibi yake walipokuja mbio wakashikana viuno wote na kumng'oa.

Sikio lilikuwa la baridi. Mtoto hakulia. Hakumjua mtu.

Bibi yake hakupoteza muda kulaumu. Lawama alizihifadhi za baadaye. Akaenda kumleta mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, asiyependa salamu ndefu.

"Nani katoa nta?"

Wote wakamtazama Bisibisi.

"Aliyemo ndani ya gari alizibiwa mle asipate njia," mganga akanong'ona. "Wewe umemfungulia, kisha ukamletea na sikio la mtoto. Toa pampu."

Akaitoa. Ilitoka imezongwa nywele ndefu nyeusi, zinadondosha maji. Mganga akaitia koponi, akaimwagia nta ya moto huku akisoma, na mvumo ukadhoofika, ukawa kama wa nzi, ukafa. Akaliziba sikio la Kadogo kwa nta na pamba. Mtoto akapepesa macho, akaomba maji, akamwaga nusu ya kikombe mkekani. Bibi yake akamkaripia, na hapo wakaanza kupumua.

"Nta isitolewe mpaka kesho jua lichomoze," mganga akasema. "Na mtu asimtegee mtoto sikio. Huyo wa kwenye pampu anachongoja ni kusikilizwa tu. Fundi, umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Nyie mkimaliza kazi lazima mjaribu. Leo usijaribu."

Jioni Kadogo alilala, uso umetulia. Mama yake alikuwa ametoka kuanua nguo, bibi yake kumsindikiza mganga. Bisibisi akabaki peke yake kando ya kitanda, anajifuta mikono kwa kitambaa, anajifuta tena. Katika maisha yake hajawahi kukabidhi gari bila kulijaribu. Akatazama mlango. Akainama taratibu, akaweka sikio kifuani kwa mwanawe.

Moyo. Unadunda vizuri, bila kukosa. Akatabasamu.

Halafu chini ya moyo kitu kikavuma, kidogo tu, kama kinajaza bomba. Ta. Kikanyamaza.

Harufu ya nywele mbichi ikapanda kutoka kwenye mto aliolalia mtoto.

"Baba," mtoto akasema, macho yamefumbwa, "washa."