Chuma Kilichonyimwa Maji

Kisa hiki nilisimuliwa na Nasike, fundi wa redio wa hapa Lodwar, wiki ile tuliyopiga kura mwaka 2013. Alikuja nyumbani kutengeneza redio yangu iliyokuwa ikikwaruza. Mjukuu wangu alikuwa ameambiwa asiguse waya, na waya aliugusa, kisha akasema hakuugusa. Nasike alimtazama, akaweka bisibisi chini, akaanza kusema. Nami naandika kama alivyosema, ila yeye mwenyewe namtaja kwa jina lake.

Kule Kakuma, kambini, paliishi msichana wa miaka kumi na miwili, jina lake Adut. Aliishi na mama yake, Agot, aliyeuza vitunguu sokoni, pamoja na nyanya yake, Nyaboth. Kila asubuhi Adut alipanga mitungi kwenye foleni ya bomba, akayabeba maji nyumbani, kisha akaenda shule.

Nyanya Nyaboth masikio yake yalikuwa yamechoka. Mwanawe Malek alikuwa amerudi Sudan Kusini, na badala ya barua alituma kaseti, kama walivyozoea Wadinka walio mbali na wazee wao. Huketi peke yake, husema habari za nyumbani, huimba wimbo wa fahali wake, kisha kaseti humpa dereva wa lori anayepitia mpakani Nadapal. Ilipofika, Agot aliiweka kwenye redio yao kubwa yenye spika mbili. Lakini ili mama yake asikie, ilibidi sauti ipande mpaka mabati yatetemeke, na majirani wakalalamika. Wakatafuta hedifoni. Nazo zikatoa sauti nyembamba, Nyanya akasema, "Huyu si mwanangu. Huyu ni mbu."

Ndipo Nasike alipoitwa kutoka Lodwar. Alileta kisanduku kidogo cha chuma, kazi yake kuipa nguvu sauti inayokwenda kwenye hedifoni. Agot alipokiunga na redio na kukiwasha, hedifoni zilivuma vuuu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi.

"Ndugu yangu yuko wapi humu ndani?" Agot aliuliza.

Nasike alizifuata nyaya kwa kidole. Pale kambini umeme hutoka kwa wafanyabiashara wenye jenereta, na kila mmoja huruhusu nyumba soketi moja tu. Kwa hiyo redio ilikuwa imechomekwa kwenye waya wa jenereta ya jirani, na kisanduku kwenye waya wa jenereta ya ng'ambo ya barabara.

"Umewaweka waume wawili nyumba moja, mama, halafu unauliza kelele ni za nini," Nasike alisema, na Agot akacheka.

Akavichomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, vipate umeme wa jenereta moja. Waya mwembamba wa sauti akautenga na waya mnene wa umeme, zisilale pamoja. Kisha akatoka nje, akachimba shimo nyuma ya ukuta, akatia makaa na chumvi, akasimika nondo katikati. Kutoka kwenye nondo ile akavuta waya wa kijani mpaka kwenye kisanduku. Akamwaga jagi zima la maji shimoni. Mvumo ukakatika. Nyanya Nyaboth, hedifoni masikioni, akasema, "Namsikia akivuta pumzi kabla ya kusema."

Kabla hajaondoka, Nasike alimwita Adut pale shimoni.

"Mchanga wetu ni mkavu kama majivu, binti. Kila jioni, kabla jenereta haijawashwa, mwaga hapa jagi moja la maji. Hiyo ni kazi yako."

"Na nikisahau, anti?"

"Mvumo utarudi. Ukiusikia, zima, usiguse. Ndani ya kisanduku waya ukichubuka, umeme unapotea njia, na waya huu wa kijani ndio unaoupeleka ardhini. Chuma kikikauka, njia imezibwa. Umeme utatafuta njia nyingine."

"Njia gani?"

Nasike alitazama ndani, alikoketi Nyanya, miguu peku juu ya sakafu ya udongo. "Mtu," alisema.

Siku za kwanza Adut alimwaga maji bila kukosa. Lakini kiangazi kilikaza. Bomba lilitoa maji kidogo, foleni ikawa ndefu, wanawake wakasukumana. Jioni moja rafiki yake Céline, mtoto wa Wakongomani wa jirani, alimkuta akiinamisha jagi juu ya nondo.

"Weye, Adut, unapanda chuma? Kitaota lini tule matunda?"

"Ni ya redio."

"Redio inakunywa maji! Kwetu mtoto anaoga na kikombe, kwenu chuma kinaoga na jagi."

Watoto wengine wakacheka. Adut aliona haya. Kesho yake aliuzuia mkono, akamwaga nusu jagi. Halafu robo. Halafu siku moja akaona jua limezama na mtungi uko mtupu, na ili kumwaga lazima arudi kwenye foleni. Hakurudi.

"Umekimwagia maji chuma?" Agot aliuliza akitoka sokoni.

"Nimekimwagia, mama."

Jenereta iliwashwa. Nyanya akavaa hedifoni zake. Adut alisikiliza kutoka mlangoni, akasikia tu sauti ndogo ya mjomba Malek. Hakuna kilichotokea. Kesho yake hakumwaga tena, na uongo ukatoka mdomoni kwa wepesi zaidi.

Mvumo ulirudi polepole. Mwanzoni Nyanya hakulalamika. Alifumba macho, akatabasamu.

"Nasikia ng'ombe," alisema. "Wako mbali, ng'ambo ya mto. Wanarudi."

Agot alimtazama mama yake, akaendelea kupanga vitunguu vyake. Wazee husikia mengi. Lakini Adut alijua ng'ombe wale walikuwa nini.

"Leo wamekaribia," Nyanya alisema jioni nyingine. Alipogusa kitufe cha kisanduku aliurudisha mkono, akasugua vidole. "Kuna siafu humu."

"Adut, maji unamwaga kweli?" Agot aliuliza.

"Namwaga, mama."

"Jagi zima?"

"Zima."

Adut alijiambia kesho ataamka mapema, atamwaga majagi mawili, na hakuna atakayejua. Kesho bomba lilikauka kabla zamu yake haijafika. Nyuma ya nyumba udongo ulikuwa umepasuka kuzunguka nondo, chumvi imebaki ganda jeupe. Aliuona, akapita.

Jioni hiyo Agot alichelewa sokoni. Mchana lori lilikuwa limeleta kaseti mpya, na Nyanya hakutaka kungoja. Alikuwa na desturi moja: kabla ya kumsikiliza mwanawe huosha miguu, kama anavyomwoshea mgeni. Aliomba maji, na Adut akampa yale machache yaliyobaki kwenye beseni. Nyanya akatia miguu. Jenereta ikanguruma, taa ikawaka.

Mara hii mvumo haukungoja hedifoni zivaliwe. Zilivuma pale juu ya meza fupi, kando ya kisanduku, na hata spika kubwa zikavuma. Adut alisimama mlangoni na jagi tupu mkononi.

"Wamefika," Nyanya alisema. "Wako langoni."

Kuku wao mmoja alikuwa akinywa maji yaliyomwagika kando ya beseni. Alipandisha shingo, akaona skrubu inayong'aa ubavuni mwa kisanduku, akaidonoa. Hakulia. Mabawa yalifunguka, akaanguka ubavu, akawa kimya.

Macho ya Nyanya hayakumwona. Alikuwa amekwisha nyosha mkono, vidole vyake virefu vyenye maji vinatafuta kitufe.

"Nyanya, acha!"

Nyanya hasikii vizuri, tulishasema. Mkono uliendelea. Adut aliliangusha jagi, akaruka mpaka ukutani, akaichomoa plagi ya ekstensheni. Mvumo ulikatika. Vidole vya Nyanya vikatua juu ya kitufe, vikakizungusha, na hakuna kilichotokea.

"Umeme umekwisha?" Nyanya aliuliza.

Adut alianguka magotini kando ya beseni akalia. Agot alipoingia na kikapu chake aliwakuta hivyo, kuku amelala sakafuni. Alimwokota kuku kwa mguu, akamtazama, akakitazama kisanduku.

"Sikumwaga," Adut alisema. "Siku nyingi. Nilikuwa nakudanganya, mama. Céline na wenzake walinicheka, halafu foleni, halafu nikaogopa kusema. Nilisikia mvumo. Niliujua."

Agot aliketi chini. Alimweka kuku kando, akasema, "Usikiguse. Tumwite Nasike."

Nasike alifika kesho yake na pikapu ya asubuhi.

"Ejoka?" aliwasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," Agot alijibu kuwa ni njema, ingawa haikuwa hivyo.

Nasike alikifungua kisanduku. Ndani, waya wa umeme ulikuwa umechubuka, shaba yake imegusa bati. Aliubadilisha, akaufunga vizuri. Kisha akamwita Adut amwangalie akimwaga maji kwenye nondo mpaka udongo uache kuyanywa kwa pupa.

"Waya utachubuka tena siku moja," alisema. "Vitu huharibika, ndiyo maana tulizika chuma hiki. Lakini mama yako hawezi kuona chini ya ardhi, binti. Anakuuliza wewe. Jibu lako ndilo waya wake wa kijani. Ukimpa uongo, umeukata, na yeye anaendelea kuketi pale akidhani yuko salama."

"Na wakinicheka, anti?"

"Wacheke. Waambie tunamnywesha Nyanya."

Siku hiyo Agot mwenyewe alikwenda kwenye foleni pamoja na bintiye. Céline alipouliza kuku wao yuko wapi, Adut alimweleza yote bila kuficha. Céline hakucheka. Jioni alileta kikombe chake cha kuogea, akakimimina shimoni, akaenda zake.

Jenereta iliwashwa. Nasike aligusa kisanduku kwa testa ya kupimia umeme, na taa yake haikuwaka. Nyanya Nyaboth, miguu mikavu juu ya mkeka, alivaa hedifoni. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Ng'ombe wamekwenda," alisema. "Amebaki Malek peke yake. Anasema mvua imenyesha kwetu."

Alilala pale pale kitini, kaseti ikizunguka. Agot alimvua hedifoni, akamlaza, naye akalala. Nasike alikuwa amekwisha kunja mwili wake kwenye mkeka wa wageni. Jenereta ilizimwa, Kakuma ikanyamaza. Adut alibaki macho gizani, sikio ukutani, akisikiliza upande wa nondo kama kuna kitu kinachovuma. Alisikiliza mpaka akasikia pumzi ya nyanya yake tu, ikiingia na kutoka. Akaihesabu kidogo. Kisha naye akalala.