Syauswa Anaitika

Asubuhi ya nne baada ya vita, Éliakim alisahau kuruka jina moja. Alikuwa mwandishi wa bataliani ya vijana wa kujitolea, kambini karibu na Eringeti, na kila asubuhi alisoma appel, orodha ya majina ya wapiganaji, kutoka kwenye kaye, daftari lake. Majina ya wenzake kumi na mmoja waliobaki kilimani, juu ya mashamba ya kakao, alikuwa akiyaruka kimya kimya. Siku hiyo usingizi ulimzidi, akasoma: “Kakule Syauswa!”

“Présent!”

Sauti ilitoka mwisho wa mstari. Éliakim akatia alama, akasoma jina lililofuata, kisha kalamu ikasimama. Watu wanne walimwona Syauswa akipigwa risasi ya shingo.

Kesho yake aliyasoma yote kumi na moja kwa sauti ndogo, akiomba masikio yawe yamemdanganya. Yote yaliitikiwa. Mwisho wa mstari hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu, majani yaliyolala kama yamekanyagwa, na harufu ya kakao iliyochacha, pamoja na baruti na nguo zisizokauka.

“Ni majini ya pori,” mpiganaji mmoja alinong'ona. “Tutoke hapa.”

Ungedhani wangehama siku hiyohiyo. Wapi! Kamanda wao, Zorobabel, alifurahi, na hilo linanikera mpaka leo. Ripoti ya vifo ilikuwa mezani kwake bila sahihi, kwa sababu mwenye kuisaini angeulizwa ilikuwaje watu kumi na mmoja wakabaki juu, na yeye akashuka mzima na redio yake. Sasa wafu walikuwa wamemrahisishia kazi.

“Baliitika?” alimuuliza Éliakim.

“Baliitika, commandant. Mais hakuna mutu pale.”

“Weye unasoma majina ao unaangalia batu? Baliitika, donc bako. Andika: effectif complet, batu bote bako.”

Huko Musienene, Kavugho, mama yake Syauswa, alikuwa na maharage yaliyokomaa shambani na hana moyo wa kuyavuna. Waliotoroka kambini walikuwa wamemletea habari, na alitaka kitu kimoja tu: kumlilia mwanawe. Ukoo ulikataa. Shemeji zake walisema kumwombolezea mtu aliyeandikwa hai ni kumwitia kifo, na kilio hakitawekwa mpaka jina lifutwe. Akapanda pikipiki hadi Butembo, akapata gari la Beni, akaingia katika ofisi ya orodha za wapiganaji aliyoelekezwa. Karani akafungua karatasi zake.

“Mama, mutoto yako iko. Aliitika siku ya lundi.”

“Ulimuona?”

“Sikumuona. Imeandikwa.”

“Mimi nakuambia alikufa, weye unaniambia karatasi!”

“Mutu mwenye anaitika hatuwezi kumuandika mort, mama. Uende muzuri.”

Alirudi mara ya pili, akajibiwa yaleyale na karani yuleyule, safari hii akitafuna karanga. Mara ya tatu hakupitia ofisi hiyo. Alikwenda moja kwa moja hadi Eringeti, akaketi chini ya mlingoti wa bendera, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Kambi ilikuwa imebaki nusu, maana wengi walishatoroka. Waliobaki walikuwa wamemleta Ananie, mganga aliyewanyunyizia maji kabla ya vita. Asubuhi hiyo Éliakim aliposoma majina, Ananie alizunguka mwisho wa mstari na ndoo yake na majani yake. Kila maji yalipoanguka, sauti ziliitika kwa nguvu zaidi, maana walikuwa na kiu. Mzee akaitua ndoo chini kwa hasira.

“Hawa hapana majini,” alisema. “Ni batu bako ku kazi. Mwenye alibaweka kule ndiye anajua namna ya kubatosha.”

“Endelea na appel,” Zorobabel alisema bila kumtazama.

“Kakule Syauswa!”

“Présent!”

Kavugho aliinuka. Aliijua sauti ya mwanawe, ingawa ilikuwa imekauka na ilitoka pamoja na pumzi inayovuja shingoni, na alipopiga hatua kuelekea ukungu harufu ya kakao chachu ikampanda kooni, na majani mbele yake yakalala moja moja, taratibu, kama mtu anavyohamisha uzito wa mwili mguu hadi mguu akiwa amesimama muda mrefu mno.

“Syauswa, ni mama. Uko wapi?”

“Huku juu.”

“Shuka, mutoto wangu.”

“Commandant alisema tusitoke mpaka aseme. Hajasema.”

Mficha maradhi, kilio humfichua. Zorobabel alirudi nyuma hatua mbili.

“Niliita!” alipiga kelele. “Niliita, hamukusikia!”

“Hukuita,” zilisema sauti kumi na moja kwa pamoja.

Kavugho akamkamata Zorobabel ukosi wa koti. Wiki zote za barabarani zilikuwa katika mkono ule. “Useme sasa. Ile maneno ulipashwa kusema ile siku, useme leo, mbele yangu.”

Zorobabel akafumba macho. “Munifuate!” alisema kwa sauti ya kupasuka. “Munifuate, tunashuka!”

Kilimani mti mmoja wa kakao ukatikisika, kisha wa chini yake, kisha safu nzima, na matunda yakaanza kudondoka na kubingirika hadi kwenye miguu ya watu waliosimama wasiweze kukimbia, na mlio wa buti kwenye matope ukaja, mzito, usio na haraka, ukaufikia mstari, ukaupita, ukamkuta Zorobabel na kusimama nyuma yake.

“Syauswa,” Kavugho aliita, na sauti yake ikakatika. “Ule si baba yako. Kuja kwa mama.”

Nyayo za mtu mmoja zikajitenga katika matope. Zikaja hadi kwake, zikasimama kando ya zake.

Éliakim akasoma jina tena. Hakuna aliyeitika. Akasoma mara ya pili, kisha akalifuta kwa mstari, na Kavugho akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakitupa chini, akalia kwa sauti kilio kilichokatazwa majuma yote hayo. Akaondoka akilia hivyohivyo, akishika njia ya Musienene.

“Commandant, ubatume nyumbani kwabo!” Ananie alimwita Zorobabel. “Ubaambie benda!”

Lakini Zorobabel alikuwa ameshakimbia barabarani kuelekea Beni, redio ikimpiga ubavuni. Wale kumi hawakuwa na mama pale. Walimfuata yule aliyewaita.